Nani Alimtandikia Mwanamke Kitanda London?



Tangu nirudi safari mmenijaza masuali: bei ya vitambaa Goldhawk Road, baridi, chakula cha halali, na zaidi ya yote, "Dada, ulilala wapi?" Suali hilo la mwisho nimelichelewesha makusudi. Nilitaka niandike vizuri, na kila nilipoanza kuandika nikajikuta narudi nyuma, miaka mia na zaidi. Kwa hiyo leo si khabari za safari tu. Chukueni chai yenu mkae.

Kwanza niwaondolee wasiwasi wale watakaouliza kuhusu mahram. Kaka yangu yuko kule mwaka wa saba sasa, ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege na ndiye niliyezunguka naye kila mahali. Lakini yeye mwenyewe anapanga chumba na vijana wengine watatu, na kazi yake ni ya usiku. Kulala kwake haikuwezekana. Hoteli ya kawaida, bei ya usiku mmoja ni sawa na mashine ya overloki iliyotumika. Nikafanya wanavyofanya wasafiri wengi wenye mfuko mwepesi, nikalipia hosteli. Kwa msioijua, hosteli ni kama dakhalia zetu za skuli: hukodi chumba, unakodi kitanda. Vitanda vya deka, juu na chini, watu sita au wanane chumba kimoja, choo na bafu ni vya wote. Nilichagua bweni la wanawake watupu, nikalipa kabisa kabla sijaondoka Unguja.

Tukafika saa tatu usiku. Kaka akanisaidia begi mpaka mapokezi, akaona mambo sawa, akakimbilia kazini. Nikapewa kadi ya mlango, nikapanda ghorofa ya tatu, nikafungua. Ndani wamo vijana watatu wa kiume, mmoja kifua wazi anajipangusa maji.

Nilifunga mlango ule haraka mpaka kadi ikaanguka. Kule chini yule kijana wa mapokezi akaniambia bweni la wanawake limejaa, mtambo wenyewe umenihamishia bweni la mchanganyiko, na bei ni ile ile, kwa hiyo sijapoteza kitu. Alisema hivyo hivyo, kwamba sijapoteza kitu. Nikamwambia silali mle. Akasema basi, ni juu yangu, lakini pesa hairudi. Nikakaa kwenye kiti cha sebuleni na buibui langu na begi langu, nikatazama watu wakiingia na kutoka, mpaka saa sita ikapita.

Nilivyopata kitanda nitakuambieni baadaye. Hapa nataka kusema nilichokuwa nikiwaza pale kwenye kiti. Nilijiona mshamba. Nilidhani hili la kutaka chumba cha wanawake ni letu sisi tu, Waislamu, watu wa visiwani, tunaokwenda na sitara zetu mpaka kwenye nchi za watu tukawasumbua. Kumbe kama ningejua wakati ule ninayoyajua sasa, ningekaa kwenye kile kiti kwa kujiamini zaidi. Kitanda cha bei nafuu cha mwanamke, chenye mlango usiofunguliwa na mwanamme, wanawake wa London wenyewe wamekililia kwa muda mrefu sana. Na wako waliokufa kwa kukikosa.

Turudi zamani kidogo. London ya karne ya 19 ilikuwa ikijaa watu kila siku, wanatoka mashamba kuja kutafuta kazi, wengine wanashuka melini. Mtu asiyekuwa na kodi ya wiki alikwenda kwenye nyumba za kulala za malipo ya usiku kwa usiku. Bei iliyozoeleka ilikuwa peni nne. Shilingi yao ilikuwa na peni 12, kwa hiyo ni theluthi ya shilingi kwa kitanda kimoja katika chumba cha watu wengi, na jiko moja chini ambako wote wanapika na kuota moto. Nyumba hizi zilikuwa chafu kiasi kwamba mwaka 1851 Bunge lilipitisha sheria, iliyopiganiwa na Lord Shaftesbury, ziandikishwe na zikaguliwe na polisi. Sheria ilitaka wanaume na wanawake watengwe, isipokuwa mke na mume. Lakini mwenye nyumba akiuza kitanda cha watu wawili kwa peni nane, nani atauliza cheti cha ndoa?

Sasa njooni Whitechapel, mashariki mwa London, mwaka 1888. Huu ni mtaa nilioutembea kwa miguu yangu, na leo umejaa Waislamu, wengi wao asili yao Bangladesh. Wakati ule ulikuwa mtaa wa maskini wa kila namna, na mafundi cherehani wengi mno. Mwaka huo huo wa 1888 baraza la juu la Bunge liliunda kamati ya kuchunguza kazi za kunyonywa jasho, na miongoni mwa walioulizwa khabari zao ni washonaji, wanaoshona tangu asubuhi mpaka usiku kwa malipo yasiyofika popote. Mimi kama fundi nikisoma hayo mwili unanisisimka, maana hesabu yake naijua: ukilipwa kwa kipande, na kipande bei yake kikishuka, unaongeza masaa, na masaa nayo yana mwisho.

Katika mtaa huo alikuwako mwanamke akiitwa Mary Ann Nichols, wengi walimwita Polly. Umri miaka 43, mama wa watoto watano, ndoa imevunjika, amepita nyumba za maskini za serikali mara kadhaa, na pombe ilikuwa imemshinda. Alikuwa akilala katika nyumba moja ya Thrawl Street, chumba kimoja na wanawake wenzake. Siku zake za mwisho alikuwa amehamia nyumba nyingine ya jirani ambayo wanaume na wanawake waliruhusiwa kulala pamoja. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 1888 alirudi Thrawl Street kutaka kitanda, peni nne hana, akatolewa nje. Akacheka, akasema pesa atazipata, huku akionyesha kofia mpya aliyovaa. Baadaye usiku ule akakutana na mwanamke aliyekuwa akilala naye chumba kimoja zamani. Yule shoga yake ndiye aliyeeleza mbele ya uchunguzi wa kifo kwamba Polly alimwambia alikuwa kwenye ile nyumba ya mchanganyiko, lakini atarudi kulala naye. Alimsihi waende pamoja, hakukubali, kwanza atafute pesa. Kabla ya alfajiri alikutwa amechinjwa njiani.

Wiki moja baadaye, tarehe 8 Septemba, ikawa zamu ya Annie Chapman. Huyu alikuwa akifuma kwa sindano ya kroshia na kuuza, na mara nyingine kuuza maua. Alikuwa mgonjwa siku zile. Saa saba na nusu usiku hivi msimamizi wa nyumba aliyokuwa akilala, Dorset Street, alimdai pesa ya kitanda. Hana. Akaomba kitanda chake, namba 29, wasimpe mtu mwingine, atarudi sasa hivi. Asubuhi maiti yake ikaonekana nyuma ya nyumba ya watu.

Dunia inamkumbuka muuaji kwa jina alilobandikwa na magazeti, na mpaka leo watalii wanalipa kutembezwa usiku kumtukuza. Sitaliandika jina hilo hapa. Na miaka mingi watu walitosheka kusema wale walikuwa wanawake wabaya, wamekwisha. Mwandishi mmoja wa kike wa Kiingereza, Hallie Rubenhold, aliandika kitabu mwaka 2019 kuhusu maisha ya wanawake watano waliouliwa, akarudia kumbukumbu zote, na alichokisisitiza ni kwamba walikuwa watu wasio na pa kulala. Wako wanaobishana naye katika baadhi ya mambo. Mimi sina elimu ya kuamua ubishi wa wataalamu, lakini hili la kitanda limo kwenye ushahidi wenyewe, halihitaji mtaalamu. Polly na Annie wote wawili walikuwa wametoka kutolewa nje kwa kukosa pesa ya kitanda.

Mtasema, baada ya hapo mji mzima ulishtuka, basi bila shaka wakajenga nyumba za wanawake. Walijenga, naam. Walijenga za wanaume.

Lord Rowton, aliyekuwa katibu wa waziri mkuu Disraeli, aliona hali ya nyumba za kulala akatoa pesa zake mwenyewe kujenga iliyo safi. Ya kwanza ilifunguliwa Vauxhall mwishoni mwa 1892. Peni sita usiku mmoja, kila mtu na kijichumba chake cha mbao, shuka safi, maji ya moto, chumba cha kusomea. Ilikuwa biashara nzuri mpaka kampuni ikaundwa na nyingine zikafuata katika mitaa mbali mbali. Ya Whitechapel, iliyofunguliwa 1902 Fieldgate Street, ilikuwa na vitanda zaidi ya 800. Stalin, yule wa Urusi, alilala humo mwaka 1907 alipokuja kwenye mkutano wa chama chao. Halmashauri ya London nayo ikafungua ya kwake Parker Street mwaka 1893. Zote hizo, wapenzi wangu, hata kitanda kimoja cha mwanamke hakimo.

Sababu mfanyabiashara yeyote ataielewa, na ndiyo inayoniuma. Nyumba ya wanaume ilirudisha pesa. Mwanamke kipato chake kilikuwa kidogo kuliko cha mwanamme, kwa hiyo hawezi kulipa peni sita kila usiku, lakini mahitaji yake ni makubwa zaidi: anataka afue, apige pasi, apike, pengine ana mtoto. Ukipiga hesabu ya faida peke yake, mwanamke hamo. Na kulikuwa na la pili, la jina. Nyumba ya kulala wanawake maskini ilitiliwa shaka na majirani tangu haijafunguliwa.

Si kwamba hapakuwa na kitu kabisa. Watu wa dini walianza mapema. Mwaka 1844 kijana muuza duka la vitambaa, George Williams, alianzisha na wenzake jumuiya ya vijana wa kiume wa Kikristo, YMCA. Wakati ule wafanyakazi wa maduka ya nguo walikuwa wakilala juu ya duka lile lile, wengi katika chumba, na hawana pa kwenda baada ya kazi ila vilabuni. Mwaka 1855 kwa upande wa wanawake mambo yakaanzia sehemu mbili. Emma Robarts alianza kikundi cha sala, na Mary Jane Kinnaird akafungua nyumba London ya kufikia wauguzi waliokuwa wakisafiri kwenda na kurudi vita vya Crimea. Vitu hivyo viwili viliungana mwaka 1877 vikawa YWCA, na nyumba yake ikawa kwa wasichana waliokuja mjini kufanya kazi. Nawapa haki yao. Waliona kwamba msichana anayeshuka treni peke yake jioni, kitu cha kwanza anachohitaji si wazo zuri wala mawaidha, ni mlango. Lakini milango hiyo ilikuwa na masharti ya adabu na barua za utambulisho, na ilimfaa msichana wa dukani na wa ofisini zaidi kuliko mtu kama Polly.

Kwa mtu kama Polly alihitajika mwanamke wa kwenda kujionea. Wa kwanza ninayemjua ni Mary Higgs, mke wa mchungaji wa Oldham, kaskazini ya Uingereza, mwanamke msomi. Mwaka 1903 alivaa matambara, akazunguka kwa miguu akalala kwenye nyumba hizo na kwenye mabweni ya serikali ya watu wasio na makazi, akaandika aliyoyaona, wadudu na matusi na wanaume wanaokutazama. Mwaka 1909 akasaidia kuunda jumuiya ya kitaifa ya kudai nyumba za kulala za wanawake. London yenyewe ilipata moja kubwa mwaka 1913, kwa pesa alizoziacha mwanamke tajiri, Ada Lewis. Kisha vita vikaja, na mambo yakasimama.

Wa pili ni Ada Chesterton, mwandishi wa magazeti, mjane wa vita. Katikati ya miaka ya 1920 aliingia mitaani London bila ya pesa, wiki mbili, akiishi kwa anachopata siku ile. Kitabu chake kilitoka 1926. Kilichomshangaza ndicho kilichonishangaza mimi: baada ya miaka yote ile, mwanamme mwenye peni chache ana pa kwenda, mwanamke mwenye peni zile zile anaambiwa pamejaa, au anaelekezwa mbali, au anaulizwa masuali kama yuko mahakamani. Wasomaji wakachanga, na mwaka 1927 akafungua nyumba ya kwanza, akaiita Cecil House kwa jina la marehemu mumewe. Shilingi moja usiku mmoja, kitanda safi, maji ya moto ya kuoga, na pa kufulia nguo. Na sharti lake lilikuwa geni kwa wakati ule: mwanamke haulizwi ametokea wapi wala amefanya nini. Nyingine zikafuata. Mimi nilipofika kwenye ile sehemu ya pa kufulia nguo nilisimama kusoma. Aliyeweka lile alikuwa mwanamke aliyewahi kukaa na nguo moja siku kumi na nne.

Hosteli zenyewe tunazozijua leo, za wasafiri vijana, asili yake si London. Mwalimu wa Kijerumani, Richard Schirrmann, alikuwa akitembea na wanafunzi wake mwaka 1909 wakakamatwa na mvua ya radi, wakalala darasani kwenye majani makavu. Ndipo akapata fikra kwamba skuli zikifungwa zinaweza kulaza wasafiri, na mwaka 1912 ikafunguliwa hosteli ya kudumu katika ngome ya Altena. Uingereza ilianza chama chake 1930. Humo bweni la wavulana lilikuwa mbali na la wasichana, na msimamizi alihakikisha. Bweni la mchanganyiko lililonikimbiza mimi ni mambo ya karibuni, ya hosteli za biashara. Kwa hiyo mnaona, yule kijana wa mapokezi aliyeniona mimi nina mambo ya kizamani alikuwa na haki kidogo. Ni ya kizamani, tena ya kwao.

Hapo nimesema khabari za Waingereza. Lakini je, mwanamke aliyevuka bahari? Sisi Wazanzibari tunaye wa kwetu wa kuanzia. Mwaka 1875 Sayyid Barghash alizuru London, mgeni wa serikali, karamu kila usiku. Dada yake, Bibi Salme, mjane mwenye watoto watatu Ujerumani, alisafiri mpaka London kwa matumaini ya kuonana naye, akarudi hajamwona. Yale ya dini yake na ndoa yake tumeshayajadili hapa na sitaki kuyafungua. Yeye alikuwa binti wa Seyyid Said na alikuwa na marafiki wa kumpokea. Wasiokuwa na marafiki walikuwa maelfu, na kundi moja lao ndilo lililonifanya nipande basi na kaka yangu mpaka Hackney.

Waliitwa ayah. Neno letu yaya ni ndugu wa neno hilo. Familia za Kiingereza zilizokuwa India zilipokuwa zikirudi kwao kwa meli, wiki kadhaa baharini na watoto wadogo, zilichukua yaya wa Kihindi wa kuwalea njiani. Meli ikifika, kazi imekwisha. Mwenye kheri alipewa tiketi ya kurudi. Wengine waliachwa. Mwaka 1908 mmoja aliachishwa kazi akaachwa kwenye kituo cha treni cha King's Cross na pauni moja mkononi. Hebu mfikirieni: kituo kile, kelele zile, baridi ile, na sari.

Nyumba yao ilianzia Aldgate, na mwaka 1900 jumuiya ya kimishionari ya London City Mission iliihamishia namba 26 King Edward's Road, Hackney, kisha mwaka 1921 namba 4 ya mtaa ule ule. Kiasi cha wanawake mia kwa mwaka walipita humo, kutoka India zaidi, na China na kwingineko. Utaratibu wake ulikuwa wa akili. Familia iliyomleta yaya iliiachia nyumba tiketi au nauli yake ya kurudi. Nyumba ikatafuta familia nyingine inayokwenda India yenye kuhitaji yaya wa njiani, ikampatia. Yaya akarudi kwao akifanya kazi, na wakati anasubiri ana kitanda na chakula. Ubaya wake ni kwamba yule ambaye bwana wake hakuacha nauli alikaa akisubiri bahati.

Wamishionari walikuwa na nia yao, bila shaka. Waislamu na Mabaniani waliolala mle waliimbiwa nyimbo za kanisa. Nilipokuwa nasoma hayo nilikasirika kidogo, halafu nikajiuliza sisi tulikuwa wapi. Dini yetu imemweka msafiri aliyekatikiwa njia katika makundi manane ya kupewa zaka. Miji yetu ya pwani ilijua musafirkhana. Na leo, kila mtaa wa Ng'ambo una msichana aliyekwenda Oman kulea watoto wa watu. Akigombana na bibi wa nyumba usiku, akatolewa nje na pasi yake imebaki ndani, analala wapi Maskati? Nimewauliza watatu waliorudi. Mmoja alilala kwa wenzake wa Kitanzania, wanane chumba kimoja, wakachangiana chakula. Wawili walinyamaza.

Ile nyumba ya namba 26 bado ipo, nyumba ya kawaida ya ghorofa, watu wanaishi. Wapita njia hawana khabari nayo. Mwaka 2022 iliwekewa ukutani kibao cha buluu, kama vile vinavyowekwa kwenye nyumba za watu mashuhuri, baada ya mwanamke mmoja wa London mwenye asili ya Asia Kusini kupigania kwa miaka kadhaa. Nilipiga picha kwa simu. Kaka aliniuliza, "Umekuja London kutazama nyumba ya mayaya?" Nikamwambia ndiyo.

Kutoka pale tukarudi Whitechapel kusali adhuhuri. Msikiti wa East London ulianza mwaka 1941 katika nyumba tatu za Commercial Road, ukahamia ulipo 1985, na mwaka 2013 wakafungua jengo la Maryam Centre lenye ukumbi mzuri wa wanawake. Jengo hilo liko Fieldgate Street. Ukitoka nje unaliona lile jumba kubwa la matofali la Lord Rowton, la vitanda zaidi ya 800 vya wanaume, siku hizi ni fleti za bei kali. Na alipokutwa Polly ni nyuma ya kituo cha treni, mwendo mfupi tu. Sikwenda. Nilimwombea yule shoga yake aliyemsihi waende pamoja, maana nafikiri alibaki na jambo lile maisha yake yote.

Sasa usiku wangu. Saa sita na kitu aliingia msichana mmoja, umri kama wa mdogo wangu wa mwisho, nywele kazipaka rangi ya waridi, pete ya puani, ametoka matembezini. Akaniona, akaenda mapokezi kuchukua maji, akanitazama tena, akaja kuniuliza kwa nini nimekaa na begi. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha skuli. Hakusema mengi. Alikwenda kwa yule kijana wakazungumza, akapanda juu, akashuka na vitu vyake vyote kwenye mfuko wa plastiki, akaniwekea kadi yake mkononi. Yeye alikuwa bweni la wanawake. Alisema kwake yeye popote ni sawa. Nikamwambia siwezi kumtoa kitandani mwake akalale na wanaume. Akasema anamjua mmoja wa wale vijana, wamesafiri pamoja, na kama nitaendelea kubishana sote tutalala sebuleni. Asubuhi nilimtafuta nimpe kanga, nilikuwa nimechukua mbili za zawadi. Alikuwa ameshaondoka.

Kuna jambo moja la wale ayah sikulisema. Katika orodha za abiria za meli, wengi wao hawakuandikwa jina. Iliandikwa "ayah wa Bibi Fulani", basi. Mmoja aliyejulikana zaidi alivuka bahari mara 54, mwanamke aliyesafiri kuliko manahodha wengi, na hata yeye tunamjua kama Bi Antony Pareira, jina la mume. Nilipolala usiku ule, juu ya kile kitanda cha deka palikuwa na kikaratasi kimebandikwa, kitanda namba 4, na jina la yule msichana. Kesho yake mwanamke wa usafi, Mbangali, alikitoa akaandika kingine kwa mkono. Alikosea herufi mbili za jina langu. Nimekihifadhi, kimo kwenye sanduku la sindano dukani, njooni mkione.